Kuvua trauti na samoni kwa nzi bandia kwenye vijito vya milimani majani yanapopukutika: mwongozo kamili

Majani yakigeuka rangi na asubuhi zikianza kuuma vidole, vijito vya milimani huwa na samaki wa namna mbili. Wapo wanaokula kwa pupa kabla baridi haijakaza, na wapo walioacha kula kabisa kwa sababu wako kwenye shughuli ya kutaga mayai. Unaweza kuwakuta wote kwenye kijito kimoja, hatua chache tu baina yao. Kwa hiyo kabla hujajiuliza ufunge nzi gani (ndoana iliyopambwa ifanane na mdudu), jiulize samaki yupi anafaa kuvuliwa. Ukikosea hapo, hata kama unarusha mshipi kuliko wote mtoni, utakuwa unakivuruga kizazi cha miaka ijayo.

Hatua ya 1: Soma sheria za mto kabla ya kufungasha

Hakuna majira ambayo sheria za uvuvi hutofautiana mto kwa mto kama haya. Chukua Scotland: msimu wa trauti wa kahawia huanza 15 Machi na kuisha 6 Oktoba, lakini kwenye mto Tweed samoni huvuliwa mpaka 30 Novemba. Maana yake katikati ya Oktoba unaweza kusimama majini kihalali ukimtafuta samoni, na trauti akinasa kwa bahati mbaya unapaswa kumrudisha. Tena huko samoni havuliwi Jumapili kabisa. Kusini mwa ikweta kalenda inageuka: majani hupukutika Machi hadi Mei, na mito mingi ya New Zealand hufungwa mwisho wa Aprili.

Angalia mambo matatu: tarehe ya kufunga kwa kila aina ya samaki, sehemu za mto zilizofungwa (mara nyingi ni vijito vidogo vya juu, maana ndiko samaki wanakotaga), na masharti ya zana, kama vile ndoana moja tu au ndoana isiyo na kijino, ile ncha ndogo ya nyuma inayozuia ndoana isichomoke. Leseni na ruhusa ya mwenye ardhi ni vitu viwili tofauti katika nchi nyingi. Kuwa na kimoja hakukupi kingine.

Hatua ya 2: Wajue wanaotaga, uwaache

Trauti wa kahawia, trauti wa vijito wa Amerika Kaskazini, samoni wa Atlantiki na samoni wote watano wa Pasifiki wa upande wa Amerika hutaga majira haya au baridi inapoanza. Trauti wa upinde wa mvua kwa kawaida hutaga majira ya kuchipua. Ndiyo maana, kadiri msimu unavyosogea, trauti wa upinde wa mvua huwa lengo salama zaidi pale anapopatikana: yeye bado yuko kwenye kula.

Jifunze kukitambua kiota. Jike hulala ubavu na kupiga mkia kwa nguvu. Changarawe hunyanyuka, mkondo huisogeza chini kidogo, na baada ya kurudia mara nyingi hubaki shimo. Hapo hutaga, dume hurutubisha, kisha jike husogea kidogo upande wa juu na kuchimba tena, na kokoto za shimo jipya ndizo zinazofunika mayai ya shimo la kwanza. Ukitazama kutoka ukingoni utaona kipande cha changarawe kinachong'aa kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa mwani na tope vimeoshwa, chenye bonde upande wa juu na kichuguu upande wa chini. Watu wengi hukwepa bonde wakakanyaga kichuguu, na mayai yamo ndani ya kichuguu. Mayai hayo hukaa humo muda mrefu: kwenye maji ya nyuzijoto 5 huchukua kama miezi mitatu kuanguliwa, na vifaranga hubaki chini ya kokoto wiki kadhaa zaidi. Kwa hiyo hata baada ya wazazi kuondoka, mahali pale hapakanyagwi.

Ukiona samaki wawili watatu wakifukuzana kwenye maji mafupi ya changarawe, mapezi yakitokeza juu, endelea na safari. Ndiyo, watanasa. Dume aliyekasirika hung'ata chochote kinachopita mbele yake. Wapo wanaosimama nyuma ya viota na kuvua trauti wengine wanaokula mayai yaliyopeperushwa na mkondo. Mimi siungi mkono jambo hilo, kwa sababu ndoana inayopita pale haichagui nani anayetaga na nani aliyefuata chakula.

Hatua ya 3: Pima joto la maji, halafu panga saa zako

Kipimajoto kidogo cha mfukoni ni kifaa cha bei ndogo kinachopuuzwa kuliko vyote. Trauti hula vizuri zaidi maji yakiwa kati ya nyuzijoto 10 na 16 hivi. Kiangazi unakwepa mchana kwa sababu ya joto, lakini sasa mambo yamegeuka. Usiku wa baridi huteremsha maji hadi nyuzi 5 au 6, na samaki hulala chini bila haraka mpaka jua lipandishe joto kidogo. Siku kama hizo hakuna haja ya kufika alfajiri. Kunywa chai, fika saa nne asubuhi, na uvue kwa makini kuanzia saa tano mpaka saa tisa alasiri.

Wiki za mwanzo ni tofauti. Ikiwa mchana bado una joto, alfajiri na jioni zinalipa, hasa kwa trauti wakubwa wa kahawia. Na ikiwa maji yamepita nyuzi 20, jambo linaloweza kutokea hata mwanzoni mwa msimu, usivue trauti siku hiyo. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyechoshwa hapo anaweza kufa baada ya kuachiwa, ingawa ulimwona akiondoka vizuri.

Siku ya kupendelea ni ile yenye mawingu na manyunyu. Jua la majira haya liko chini, vivuli ni virefu, maji ni machache na maangavu. Wingu linakusaidia kujificha na pia linawaita wadudu.

Hatua ya 4: Vifaa, bila kubeba duka zima

Kwa trauti wa vijito vya milimani, ufito wa kuvulia wa futi 9 (mita 2.7) wa namba 5 unafanya karibu kila kazi. Kama kijito ni chembamba na matawi yameinama juu yake, futi 7 na nusu hadi 8 za namba 3 au 4 zinapendeza zaidi. Namba hiyo ni ya uzito wa mshipi unaofaa ufito huo, kwa hiyo mshipi na ufito viwe na namba moja. Kwa samoni panda hadi namba 8, na kwenye mito mipana fito za mikono miwili za futi 12 hadi 15 huokoa mabega.

Rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, kwa trauti inahitaji tu kuuhifadhi. Rili ya samoni ni habari nyingine: breki yake iwe laini na ya kuaminika, na nyuma ya mshipi kuwe na uzi wa akiba usiopungua mita 100, maana samaki huyo akiamua kushuka na mto hakuulizi.

Mbele ya mshipi mnene hufungwa uzi wa mbele unaopungua unene, kisha uzi wa ncha ambako nzi anafungwa. Kiangazi futi 9 zinatosha. Sasa, maji yakiwa maangavu, tumia futi 12. Unene wa uzi wa ncha huandikwa kwa X: 4X ni milimita 0.18 hivi, 5X ni 0.15, 6X ni 0.13. Gawa namba ya ndoana kwa 3 upate X ya kuanzia, yaani ndoana namba 18 kwa uzi wa 6X. Kumbuka pia kwamba namba ya ndoana ikiwa kubwa, ndoana yenyewe ni ndogo.

Fundo moja linatosha kuanzia. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uuzungushe mara tano juu ya uzi mkuu, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho jirani na tundu, kisha uipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Uzi mkavu ukikazwa huungua kwa msuguano, na utagundua hilo samaki mkubwa akishaondoka na nzi wako.

Mavazi: sufu au nyuzi za sintetiki ndani, kamwe si pamba, maana pamba ikilowa hukunyonya joto. Suruali ya kuingilia majini lazima iwe na mkanda kiunoni. Miwani ya kukata mng'ao wa maji si ya urembo. Bila hiyo hutaona samaki wala kiota, na macho yako hayatakuwa na kinga dhidi ya ndoana inayorudi.

Hatua ya 5: Soma maji kabla ya kuyagusa

Hapa ndipo samaki hupatikana, na hapa ndipo wengi huharakisha. Simama nyuma ya ukingo dakika kadhaa. Samaki anahitaji vitu vitatu: chakula kinacholetwa na mkondo, mahali pa kupumzika asipigane na mkondo huo, na maficho. Panapokutana vitatu hivyo, yupo.

Mpaka kati ya maji ya kasi na maji ya pole ndio mahali pa kwanza pa kuangalia. Utauona kama mstari wa povu unaoteremka. Samaki hukaa upande wa pole na kuchomoza upande wa kasi kuokota. Mawe makubwa yaliyozama huwa na samaki nyuma, ila pia mbele, kwenye mfuko mdogo wa maji yaliyosukumwa na jiwe, na wanaopita mbele ya jiwe bila kurusha wanaacha samaki mzuri. Kingo zilizolika chini na mizizi iliyoning'inia ni makao ya trauti wakubwa wa kahawia.

Msimu unaposonga, samaki wanaokula huhama. Mwanzoni utawakuta kwenye maji mafupi yanayochemka juu ya kokoto, kwa kuwa kuna oksijeni na wadudu wengi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 8 hivi huteremka kwenye vilindi na maji ya mwendo wa kutembea, mahali wasipotumia nguvu nyingi. Mikia ya vilindi, pale maji yanapopungua kina kabla ya kumwagika chini, iangalie kwa tahadhari: kokoto zake ndizo zinazopendwa kwa viota.

Sasa suala la kumkaribia. Samaki huona ulimwengu wa juu kupitia duara juu ya kichwa chake, na mwanga unapoingia majini hupinda kiasi kwamba vitu vilivyo chini sana karibu na usawa wa maji havimfikii vizuri. Ndiyo maana kupiga magoti kunakufaa kuliko kofia ya rangi ya majani. Mkaribie kutoka nyuma, yaani ukipanda mto, kwani yeye huelekeza kichwa kwenye mkondo. Angalia kivuli chako na cha ufito pia. Na usiingie majini mpaka iwe lazima: maji ya kifundo cha mguu pembeni, yale unayotaka kuyakanyaga, mara nyingi yana samaki wa kwanza wa siku.

Hatua ya 6: Chagua nzi kwa kile kinachotokea

Kisanduku cha majira haya kinaweza kuwa kidogo. Wadudu wakuu ni wale wadogo wa rangi ya zeituni wa jenasi ya Baetis, ambao mabawa yao husimama wima mgongoni. Huibuka kwa wingi siku za mawingu, kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Ndoana namba 18 hadi 22. Beba nzi wa kuiga tunutu wao (wadudu wachanga waishio chini ya maji), wale wanaokwama kwenye ngozi ya maji wakijaribu kuvua gamba, na wale waliokwisha kusimama juu. Wengi hubeba hao wa mwisho tu, kisha hushangaa samaki wanapanda kila mahali na hawagusi chochote.

Samaki mwenyewe atakuambia. Akila mdudu aliyesimama juu ya maji, huvuta na hewa, hivyo duara analoacha huwa na povu. Akila mdudu aliyekwama kwenye ngozi ya maji, utaona mgongo ukijikunja taratibu na labda ncha ya mkia, halafu duara lisilo na povu. Tazama mara tatu nne kabla ya kubadili nzi. Ukiona duara tupu, funga nzi anayeelea nusu amezama, na usimpake mafuta ya kuelea sehemu ya nyuma.

Panzi, siafu wenye mabawa na mende wa nchi kavu wanafaa mpaka barafu ya kwanza ya usiku. Baada ya hapo waweke. Kwenye mito ya magharibi mwa Amerika Kaskazini kuna mdudu mkubwa wa rangi ya chungwa wa jenasi ya Dicosmoecus, anayejenga nyumba ya vijiwe akiwa buu na kuibuka kati ya Septemba na Oktoba. Kwake tumia ndoana namba 8 au 10, na jioni mwache nzi ateleze kidogo, kwa sababu jike halisi hupigapiga maji anapotaga. Kwa siku zisizo na kitu cha kuonekana, tunutu wa kahawia na wa rangi ya zeituni wenye shanga ya tangisteni, namba 14 hadi 18, ndio mkate wa kila siku.

Hatua ya 7: Kurusha na kuelea huru

Kwenye vijito vya milimani urushaji wa mbali hauna kazi. Samaki wengi watanaswa ndani ya mita 10. Inua ufito, usimamishe ghafla nyuma ya bega kidogo, ngoja mshipi unyooke, kisha peleka mbele na usimamishe tena. Ile ngoja ya katikati ndiyo inayowashinda wanaoanza. Palipo na miti nyuma, rusha kwa kuviringisha: vuta mshipi taratibu juu ya maji mpaka utengeneze tumbo nyuma ya ufito, kisha piga mbele, nao utajiviringisha bila kwenda nyuma.

Kurusha ni nusu tu. Nzi lazima aelee kama mdudu asiye na kamba. Mkondo wa katikati ukiwa na kasi kuliko pale nzi alipo, utaubeba mshipi, utapinda na kumkokota nzi, na utaona mstari mdogo wa maji nyuma yake. Trauti wa maji maangavu haji kwa nzi wa namna hiyo. Tibu kwa kuinua mshipi tu, bila kumtikisa nzi, na kuulaza upande wa juu wa mkondo. Fanya hivyo mara tu nzi anapotua, kabla tatizo halijaonekana. Njia nyingine ni kusogea karibu zaidi na kuinua ufito juu, ili mshipi usiguse mkondo wa katikati kabisa. Mimi huona hii ya pili ndiyo bora kwenye maji ya mawe.

Majani yanayoelea yatakusumbua. Kagua ndoana kila mara. Nzi aliyebeba kipande cha jani ni nzi aliyekufa kwa namna mbaya, na kwa siku zenye upepo mkali hamia sehemu isiyo na miti mingi juu yake.

Hatua ya 8: Tunutu chini, visamaki pembeni

Samaki wasipopanda, shuka kwao. Njia rahisi ni kuweka kielea kidogo kwenye uzi, umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji juu ya tunutu. Kama hugusi chini mara mojamoja, huko chini vya kutosha. Ongeza uzito kabla ya kubadili nzi. Unaweza kufunga wawili: mzito kwanza, kisha sentimita 40 hadi 50 chini yake mdogo. Hakikisha sheria inaruhusu.

Kwenye maji ya kasi yenye mawe acha kielea. Simama karibu, inua ufito, acha uzi mwembamba tu uingie majini, na uufuatishe na mkondo ukiwa umekazika kidogo. Kituo chochote, mtikisiko wowote, inua kwa kifundo cha mkono. Mara nyingi ni jiwe. Inua hata hivyo.

Visamaki bandia, urefu wa sentimita 5 hadi 10, ni chombo cha kumtafuta trauti mkubwa wa kahawia wiki zile anapokuwa mkali kabla ya kutaga. Tumia uzi mnene, milimita 0.25 kwenda juu. Rusha kuelekea ukingo, vuta sentimita 20, pumzisha, vuta tena. Anapofuata bila kung'ata, wengi hupunguza mwendo. Jaribu kuongeza, kwa sababu windo halisi hukimbia. Maji yakiwa baridi sana, hapo ndipo polepole inashinda. Akinasa, vuta mshipi kwa mkono badala ya kuinua ufito, la sivyo utamnyang'anya chambo mdomoni.

Hatua ya 9: Samoni

Samoni aliyeingia mtoni kutoka baharini kwa ajili ya kutaga haendi huko kula, hivyo kumshawishi ni kumchokoza zaidi kuliko kumlisha. Anayefaa kutafutwa ni yule mpya, wa rangi ya fedha. Akiwa bado na chawa wa baharini ubavuni, ameingia siku chache tu zilizopita. Aliyekwisha kuwa mwekundu au wa shaba, mwenye taya lililopinda, yuko karibu na kazi yake. Samoni wa Pasifiki hufa wote baada ya kutaga. Baadhi ya samoni wa Atlantiki huokoka na kurudi baharini, na hilo ni sababu nzuri ya kuwatendea kwa upole.

Njia ya zamani bado ndiyo bora. Anza juu ya kilindi, rusha kuvuka mto kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea chini, laza mshipi upande wa juu mara moja, kisha acha nzi avuke taratibu mpaka anyooke chini yako. Mwache aning'inie kidogo. Vuta mshipi kiasi, piga hatua moja au mbili kushuka, rudia. Kwa namna hiyo kilindi chote hupitiwa bila kuacha pengo. Maji yakiwa juu ya nyuzi 10, mshipi wa kuelea na nzi mdogo, namba 8 hadi 12, vinatosha. Yakiwa chini ya hapo, tumia ncha inayozama, nzi mkubwa, na mwendo wa pole.

Halafu kuna lile jambo la mikono. Samoni wa Atlantiki anapochukua, utahisi uzito ukiongezeka polepole, sivyo kama kuguswa na trauti. Usiinue ufito. Mwache ageuke na kuchukua mshipi kutoka kwenye rili, na ndoana itajikaza pembeni mwa mdomo. Ni rahisi kuandika, ni vigumu kutenda, kwa sababu kila mshipa wa mwili unakuambia vuta. Akiruka, inamisha ufito ili uzi ulegee.

Saa nzuri kwa samoni ni pale mto unaposhuka na kuanza kuwa mwangavu baada ya mvua. Maji yanapopanda kwa kasi yakiwa na tope na majani, keti ule.

Hatua ya 10: Kumleta na kumwachia

Mlete haraka. Laza ufito pembeni na kumvuta upande ule asioelekea, badala ya kuuinua juu; humpotezea mwelekeo na kufupisha vita. Kabla hujaanza kuvua bana kijino cha ndoana kwa koleo, uone jinsi inavyotoka kirahisi.

Lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa sababu ute wa ngozi ndio kinga yake dhidi ya magonjwa. Mwache ndani ya wavu wa mpira, majini, utoe ndoana humo humo. Picha: asikae hewani zaidi ya sekunde 10, na hewa ikiwa chini ya sifuri usimtoe kabisa, kwani matamvua huweza kuganda. Usimkamue tumbo wala kumshika kwa shingo. Mshikilie kwenye maji ya mwendo wa pole, kichwa kikielekea mkondo, mpaka aondoke mwenyewe. Usimsukume mbele na nyuma.

Hatua ya 11: Kurudi nyumbani mzima

Maji ya nyuzi 5 hayasamehe. Vuka mahali papana pasipo na kina, kwa mshazari, ukitumia fimbo, ukisogeza mguu mmoja baada ya mwingine umefika chini. Maji yakipita mapaja na mkondo ni mkali, rudi. Ukianguka, lala chali, miguu mbele, elekea ukingoni kwa mshazari. Ule mkanda wa kiunoni ndio unaozuia suruali kujaa maji. Beba nguo kavu kwenye mfuko usiopitisha maji, taa ya kichwani kwa sababu giza huingia mapema kwenye mabonde, na mwambie mtu unarudi saa ngapi. Maji yakianza kubadilika rangi na vijiti kuongezeka, mvua imenyesha juu hata kama kwako kuna jua. Toka. Kwenye vijito vya samoni vyenye dubu, piga kelele unapotembea na usikae karibu na mizoga.

Mwisho ni usafi wa vifaa, na hili si la hiari. Mwani uitwao didimo uligunduliwa New Zealand mwaka 2004, na mwaka 2008 nchi hiyo ikapiga marufuku viatu vya soli ya sufu kwa sababu vinashika unyevu na vijimea. Baada ya kila mto ondoa tope na majani, osha, kausha mpaka ndani kabisa. Kama unahamia mto mwingine kesho yake, tumia maji ya moto au dawa iliyoelekezwa na mamlaka za huko. Nzi uliowatumia waache nje ya kisanduku usiku kucha. Ndoana zikifungiwa mbichi huota kutu, na kutu hiyo huwapata hata wale ambao hujawafunga kamwe.